Mafundi, pimeni kabla ya kubadili sensa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze yaliyonipata na gari langu kuanzia Aprili hadi Julai mwaka jana. Nimeshawasimulia walimu wenzangu ofisini, na karibu kila aliyenisikiliza alikuwa na kisa kinachofanana na changu, ndipo nikaona bora niandike.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Njombe, mwaka wa 19 sasa kazini. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la petroli, nililolinunua likiwa limeshatumika huko kwao kama mengi yanayotembea kwenye barabara zetu. Halina mshale wa joto kwenye dashibodi. Lina taa mbili tu: ya bluu, inayowaka injini ikiwa ya baridi na kuzima ikishapata moto, na nyekundu, inayowaka joto likizidi. Naomba msomaji azikumbuke taa hizo mbili.

Mwezi Aprili iliwaka taa ya cheki injini. Wakati huohuo gari lilikuwa limeanza kula mafuta. Nina daftari dogo ninaloandika kila lita ninayoweka na kilometa nilizotembea, tabia niliyoirithi kwa marehemu baba aliyekuwa karani wa ghala, kwa hiyo hili silisemi kwa kukisia: gari lililokuwa likienda kilometa 14 kwa lita moja lilishuka hadi 9. Ekzosi ilikuwa na masizi meusi na harufu ya petroli mbichi. Na asubuhi ile taa ya bluu ilikuwa inachelewa. Zamani ilizima kabla sijaifikia lami. Sasa nilikuwa naingia getini shuleni, kilometa 11 kutoka nyumbani, na bado inawaka. Nikasema ni baridi ya msimu, nikaipuuza.

Nikalipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye lugha nzuri. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikatoa namba P0172. "Mama, hii sensa ya oksijeni imekufa." Sensa shilingi 160,000, ufundi 30,000, kusoma kompyuta 20,000. Nikalipa, taa ikazimwa. Siku ya nne ikawaka tena, namba ileile. Safari hii akasema ni plagi, na kweli alipozitoa zilikuwa nyeusi kama mkaa. Plagi nne, 18,000 kila moja. Gari likatulia wiki moja, taa ikarudi.

Hapo nilikuwa nimeshatoa 282,000, mbali na petroli. Kwa mizunguko yangu ya kilometa kama 600 kwa mwezi, tofauti ya 14 na 9 ni lita 24 za ziada kila mwezi. Mshahara wa mwalimu unajulikana.

Niseme hapa jambo nililolielewa baadaye, maana ndilo chanzo cha barua hii. Namba P0172 tafsiri yake ni kwamba katika mchanganyiko wa hewa na petroli, petroli imezidi. Basi, imeishia hapo. Haisemi nani kaizidisha. Inaweza kuwa injekta inayovuja, presha ya mafuta iliyopanda, sensa ya hewa iliyoshika vumbi, au sensa nyingine inayoipa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, habari za uongo. Sensa ya oksijeni yenyewe ndiyo inayonusa moshi ukitoka na kutoa taarifa kwamba petroli imezidi. Sisi tukamfukuza kazi mlinzi aliyepiga filimbi. Na zile plagi zilikuwa nyeusi kwa sababu zilikuwa zinamwagiwa petroli isiyohitajika, si kwamba weusi wao ndio ulioleta ugonjwa.

Lile tundu la pini 16 ambalo mafundi wanachomeka mashine zao lilitokana na sheria za Marekani za kupunguza moshi wa magari. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo lililouzwa kule lilitakiwa kuwa nalo, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lengo lilikuwa gari liseme lenyewe linapochafua hewa. Ndiyo maana namba zake zinaeleza hali: petroli imezidi, umeme wa saketi fulani uko juu, mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda fulani haulipuki. Hazikutengenezwa ziwe orodha ya spea za kwenda kununua dukani. Fundi anayeitumia namba kama orodha ya spea anafanya kazi ya mganga anayeambiwa "mgonjwa ana homa" naye akaandika dawa ya malaria bila kutoa damu hata tone.

Nirudi kwenye safari. Mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa, nilikwenda Dar es Salaam kumchukua mama yangu mzazi, na wanangu wawili walikuwa nami. Wakati wa kurudi, tangu Dar hadi Ruaha Mbuyuni gari halikusumbua hata kidogo. Kulikuwa na joto, AC ilikuwa inafanya kazi muda wote. Tulipoanza kuupanda mlima Kitonga nikaizima AC ili injini ipate nguvu, kama wanavyofanya madereva wengi. Mbele yetu kulikuwa na lori refu la mizigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na anayeijua Kitonga anajua kwamba kwenye kona zile hulipiti lori. Tukalifuata nyuma taratibu. Tukiwa katikati ya mlima mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikatazama dashibodi: taa nyekundu haijawaka. Nikasema labda ni vumbi. Mama akaniambia, "Mwanangu, vumbi halinuki hivi."

Nikaegesha pembeni, sehemu finyu, lori jingine likiwa nyuma yangu. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, akashuka. Kabla hajasema neno akakata matawi ya miti akayapanga barabarani chini ya kona ili wanaokuja wajue kuna gari limesimama, kisha akamshika mama mkono akamketisha upande wa mlima, mbali na barabara. Mimi nilikuwa nimeshafungua boneti na kukamata kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta. Akanidaka mkono. "Dada, maji hayo yakikurukia usoni hutaona tena." Tukasubiri karibu saa nzima. Maji yalipopoa akafungua mwenyewe, akajaza kwa dumu lake, akaniambia niwashe gari, halafu niwashe AC. Feni ya rejeta ikazunguka palepale. Nikazima AC, feni ikasimama. Akaniambia niwashe tena, ikazunguka.

"Feni nzima," akasema. "Ila haiambiwi."

Akatushauri tusiizime AC mpaka tufike. Tukaingia Iringa saa tatu usiku na AC yetu, baridi ya Ilula imeshatuingia mifupani, watoto wamejikunja kiti cha nyuma ndani ya vitenge viwili vya bibi yao. Dereva yule sikumwuliza jina, na kama anasoma gazeti hili, namshukuru kwa moyo wangu wote. Aliyekuwa na uso juu ya rejeta ile ni mimi.

Wiki iliyofuata nikarudi gereji, nikaeleza kila kitu, na nikamwambia fundi maneno ya yule dereva. Akachomeka mashine. Namba ileile. Akafikiri kidogo akasema, "Mama, hapa ni kontroli boksi." Ya mtumba kutoka Dar, shilingi 480,000. Nikamwuliza, "Umejuaje?" Akanigeuzia kioo cha mashine nione ile namba. Nikamwuliza kama amepima kitu chochote. Akasema mashine ndiyo imepima.

Nililirudisha gari nyumbani siku ileile.

Usiku nikakaa na neno la yule mzee. Haiambiwi. Sasa nani huiambia feni izunguke? Ni kontroli boksi. Nayo inajuaje kama maji yamepata moto? Kwa sensa ya joto la maji. Nani huamua taa ya bluu izime na nyekundu iwake, katika gari langu? Ni sensa hiyohiyo. Nani huiambia kontroli boksi kwamba injini bado ya baridi, iongeze petroli? Ni yeye yule. Miezi mitatu nilikuwa na dalili nne mkononi, petroli, taa ya bluu, taa nyekundu na feni, na zote zilikuwa zinanyoosha kidole kwenye kitu kimoja chenye ukubwa wa kidole gumba. Na ndani ya kitu hicho mna themista, ambayo mimi huichora ubaoni kila mwaka: kipande ambacho ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme, hushuka joto likipanda. Nilisikitika sana usiku ule, kwa kuwa niliifahamu themista na sikuwahi kuifikiria kama ipo kwenye gari langu.

Nikampigia simu kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma, ambaye alikwenda VETA kusomea umeme wa magari na sasa anafanya kazi Makambako. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mwalimu, nitakuja Jumamosi alfajiri. Tangu Ijumaa jioni usiliwashe. Nataka nilikute limelala."

Alifika saa kumi na mbili asubuhi, amevaa koti zito, akanipa shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alikuwa na kidude kidogo cha kuchomeka kwenye lile tundu, kinachotuma habari kwenye simu kwa bluetooth. Alisema alikinunua kwa 35,000. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Hakuzitazama namba za makosa kabisa. Alikwenda kwenye ukurasa unaoonyesha kila sensa inasema nini kwa wakati uleule, akanipa simu nisome mwenyewe.

Joto la hewa inayoingia kwenye injini: nyuzi 9. Joto la maji ya injini: nyuzi 12 chini ya sifuri.

Gari lililolala nje usiku kucha, hewa yake na maji yake yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana, kwa kuwa vyote vimelala mahali pamoja. Sisi wa Njombe tunaijua baridi, na wenzetu wa Kitulo huamka wakakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi. Lakini nyuzi 12 chini ya sifuri ni mambo ya kileleni Kilimanjaro. Sensa ilikuwa inaidanganya kontroli boksi, na kontroli boksi kwa utiifu wake ilikuwa inamimina petroli kama vile inawasha gari kwenye theluji.

Nikamwambia basi tununue sensa. Akakataa. "Bado, Mwalimu. Inaweza kuwa waya." Akachomoa soketi ya sensa ile yenye nyaya mbili. Kwenye simu joto likaanguka hadi 40 chini ya sifuri, yaani saketi imekatika. Kisha akachukua klipu ya karatasi, akainyoosha, akaunganisha matundu mawili ya soketi. Joto likapanda juu ya nyuzi 130. Akaitoa klipu. Akanieleza, nami nikaelewa mara moja kwa kuwa ni somo langu: kontroli boksi hutuma volti 5 kupitia kizuizi kilicho ndani yake, halafu hupima volti zilizobaki kwenye sensa. Saketi ikiwa wazi husoma baridi ya mwisho, ikiunganishwa moja kwa moja husoma joto la mwisho. Ikiwa imefika miisho yote miwili, nyaya ni nzima na kontroli boksi ni nzima. Kipimo kile kilichukua dakika tano na klipu moja, na kikaokoa shilingi 480,000. (Onyo kwa msomaji anayetaka kujaribu: hili ni kwa sensa ya joto yenye nyaya mbili tu. Zenye nyaya tatu hupelekewa umeme wake, ukiziunganisha ovyo utaunguza kitu.)

Kwa nini basi mashine haikutoa namba ya sensa hiyo? Zipo namba zake, P0117 na P0118, lakini hutokea pale saketi inapokuwa kwenye miisho ile, imekatika au imegusana. Sensa yangu haikufa. Ilikuwa inasema uongo wa wastani, unaoaminika. Mwongo wa namna hiyo mara nyingi mashine haimshtaki, ila mtu mwenye mita ya umeme na kichwa anamkamata.

Tulipoitoa tukaipeleka jikoni. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila fundi na kila mwenye jiko anaweza kulifanya hili. Nilichukua sufuria ndogo ya chai, nikaweka maji, nikaiweka kwenye jiko la mkaa lenye moto wa chini. Sensa tukaifunga kwa uzi kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria, ile ncha ya shaba ikiwa ndani ya maji bila kugusa chini, na sehemu ya soketi ikiwa juu, kavu. Kando yake kipimajoto kutoka maabara ya shule. Nyaya mbili za mita tukazibana kwenye pini. Mwanangu mkubwa akashika kalamu na daftari.

Kwenye nyuzi 20 mita ilisoma omu 6,400 (omu ni kipimo cha ukinzani). Mwongozo wa injini hii unataka kati ya 2,000 na 3,000. Kwenye 40 ilisoma 3,000, ilipotakiwa kuwa elfu moja na kidogo. Kwenye 80 ilisoma 830, na mwongozo unataka kati ya 200 na 400. Maji yakaanza kuchemka kipimajoto kikiwa kwenye 93, maana huku kwetu juu maji hayasubiri 100, na mwanangu akaandika hilo pia bila kuambiwa. Tulipotazama zile omu 830 kwenye mwongozo zikawa sawa na nyuzi kama 50. Hii ndiyo picha kamili ya Kitonga: injini ilikuwa inachemka, na sensa ilikuwa inaripoti uvuguvugu. Feni ingeamriwa na nani? Taa nyekundu ingewaka kwa taarifa ya nani? Kwenye joto la Dar tulisalimika kwa kuwa AC ikiwashwa huizungusha feni bila kuiuliza sensa.

Sensa mpya tuliipata dukani kwa 28,000. Kabla ya kulipa, kijana akaomba aipime palepale kwenye kaunta: omu 2,600 kwa ubaridi wa duka. Muuza duka alishangaa kidogo, lakini hakukataa. Tulipofika nyumbani tukairudia na ile ya sufuria, na kwenye nyuzi 80 ikasoma 310. Sensa mpya nayo hupimwa, hasa siku hizi ambapo feki inauzwa kwenye boksi zuri kuliko orijino.

Kuifunga ni kazi ndogo. Injini iwe imepoa kabisa. Nguzo ya hasi ya betri ikafunguliwa, boksi spana namba 19 ndefu ikaingia, sensa ya zamani ilitoka na maji kiasi cha kikombe, mpya ikaingia na washa yake mpya, ikakazwa kwa kiasi bila kutumia nguvu za mtu mwenye hasira. Tukajaza kulanti, yaani maji ya kupoza injini, mfuniko ukiwa wazi tukaliwasha gari huku hita imefunguliwa mpaka mapovu yakaisha. Hewa ikibaki karibu na sensa itakuwa inapima hewa badala ya maji, na utaanza kuilaumu sensa mpya bila kosa. Tukafunga mfuniko, tukafuta namba za makosa, kisha tukasimama wote, mimi, kijana, mama na watoto, tukisikiliza. Simu ilipofika 95 feni ikanguruma yenyewe, AC ikiwa imezimwa. Mama akapiga kigelegele.

Tangu siku ile daftari langu linasoma 14 tena, na taa ya bluu inazima kabla ya lami.

Sasa, Ndugu Mhariri, neno langu. Simwiti yule fundi wa kwanza mwizi. Nimekaa nikamfikiria sana. Alilipa pesa nyingi kununua mashine, na wateja wake tunamjia tukiwa tumechelewa, tunataka gari mchana huohuo. Akibadili kifaa tunaona kitu kipya kinang'aa na tunalipa bila maneno. Lakini akituambia, "Niachie gari lilale hapa, kesho alfajiri nilipime, nitakutoza 30,000 za kupima," tunamwona tapeli, tunahamia gereji ya jirani. Kijana wangu wa Makambako aliniambia hivyo kwa mdomo wake: mteja hulipa 160,000 ya sensa bila kukunja uso, ila hulalamikia 20,000 ya saa mbili za kichwa cha fundi. Nilimlazimisha apokee malipo ya kupima, kwa kuwa kupima ndiko kulikonitoa kwenye shida. Kufunga sensa angeweza hata mwanangu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwetu sisi wenye magari. Fundi akikutajia kifaa, mwulize umepima nini na umepata kiasi gani, na kilitakiwa kuwa kiasi gani. Namba tatu hizo aziandike kwenye risiti. Kisha akurudishie kifaa kilichotolewa. Ile sensa yangu ya oksijeni iliyotolewa Aprili sikuiomba, na nina hakika ilikuwa nzima. Sijui iko kwenye gari la nani leo. Na ukikubali kumlipa fundi kwa kupima, mlipe kwa moyo mweupe hata kama jibu ni kwamba hakuna cha kununua.

Ombi la pili ni kwa wenye gereji. Mnunulieni kila fundi mita. Ninayotumia maabara ni ya bei ya chini kuliko plagi nilizouziwa. Kabla ya kusoma namba, someni joto la gari lililolala, tazameni soketi kama imeota kutu au imeingia oili, chomoeni na kuchomeka. Gari linalomiminiwa petroli kupita kiasi huunguza masega, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, nayo masega yakishayeyuka mteja huambiwa yatolewe tu, na hapo moshi wake tunavuta sote pamoja na watoto wetu wanaotembea kwenda shule kando ya barabara.

Na kwa walimu wenzangu wa fizikia, hasa wa shule zisizo na vifaa: sensa ya joto la maji ni themista iliyo tayari, imara, haivunjiki, na kila gereji ina zilizochakaa wanazozitupa. Nimeomba nane, nikazipima moja moja na wanafunzi. Tano zilikuwa nzima kabisa, zilitolewa kwenye magari ya watu bure.

Ile ya kwangu ipo kwenye droo ya maabara, nimeifunga karatasi yenye vipimo vyake vitatu. Fundi yeyote wa Njombe au Makambako anayetaka kuja kuona, aje Jumamosi baada ya saa nane mchana, aje na mita yake. Sufuria na jiko vipo.

Mwalimu wa Fizikia,
Njombe